Kiuno cha Dismasi

Mume wangu Hamdani hajui kufunga mzigo, na kiangazi kile nilimwambia hivyo mpaka mdomo ukachoka. Siku moja kabla ya kwenda kwao Burundi kwa miguu, kitu cha kwanza alichotia kwenye begi la mgongoni ni suruali yake ya Idi, ile ya rangi ya maziwa.

"Hiyo utakwenda nayo wapi?" nikamwuliza. "Kwenye vumbi la Kalinzi?"

"Hasna, mtu harudi kwao na matambara. Watasema ukimbizi umenimaliza."

"Na ukifika umekuwa rangi ya tofali, watasemaje?"

Hamdani akibanwa kwa maneno hukunja kitu, na siku hiyo aliikunja upya ile suruali.

Alikimbia mwaka wa sabini na mbili, kijana wa miaka kumi na minne, akiitwa Telesphory. Alivuka mpaka na watu asiowajua, akaishia huku Ujiji kwa mzee mmoja mvuvi aliyemfundisha kushona nyavu. Alipotaka kunioa akasilimu, akawa Hamdani. Anavyosema Kiswahili utadhani kazaliwa mtaa huu, ila akikasirika Kirundi kinamtoka chenyewe. Sasa ilikuwa tisini na tatu, kwao wamepiga kura, redio inasema waliokimbia warudi. Katikati ya habari hizo akaja mama mmoja muuza mawese, akasema kwenye kilima cha baba yake Hamdani bado yupo mtu analima, jina lake Dismasi.

Dismasi ni mdogo wake. Miaka yote hiyo Hamdani alimhesabu katika waliokufa, na tangu siku ile ya mawese hakupata usingizi wa maana.

"Nakwenda kumwona tu," aliniambia. "Kisha narudi."

Hilo "kisha" sikulipenda. Mwezi ule ule jirani zangu wawili walikuwa wameaga kwa maneno hayo hayo, na vyumba vyao vikawa vimeshapata wapangaji. Mimi Mungu alikuwa hajanijaalia mtoto, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kumvuta Hamdani nyumbani ila mimi na ulimi wangu, na ulimi wangu unajulikana. Niliogopa asirudi. Kulisema nilishindwa, basi nikaanza kugombana na suruali.

Rafiki yake Bonifasi, mkulima wa kahawa wa Kalinzi, ndiye angempitisha njia za mlimani mpaka Manyovu, kule mpakani. Alikuja alasiri ile akakaa kizingitini, na mimi nikamtolea mume wangu suruali zote kitandani.

"Shemeji, jinzi acha," Bonifasi akasema. "Akivuka kijito ikalowa, haikauki mpaka kesho yake. Na kule kwetu asubuhi baridi inang'ata. Atatembea kama amefungwa magogo miguuni."

Hamdani akainua suruali ya kijani yenye mifuko mapajani. Ilikuwa imara kweli, mshono mara mbili, na mifuko ilimeza kila kitu. Hata mimi niliipenda.

Bonifasi akatikisa kichwa. "Ndugu yangu, rangi hiyo ya jeshi mpakani? Upande huu watakuuliza bunduki umeficha wapi. Upande ule hawatakuuliza kitu."

Mimi ndiye niliyeichukua ile ya kijani nikaisokomeza chini ya godoro, nisiione tena.

Ikabaki ya tetroni ya kahawia, ambayo Hamdani aliidharau kwa sababu ni ya kuendea kwenye nyavu. Nyepesi, ukiifua jioni asubuhi unaivaa, vumbi likiikaa halionekani, na vile vimbegu vya kishona nguo haviing'ang'anii sana. Nilikuwa nimeitia kifungo kwenye mfuko wa nyuma. Bonifasi akasema hiyo ndiyo suruali ya safari, avae hiyo na abebe nyingine kama hiyo. Kisha akaaga, akaenda kulala kwa ndugu zake kule Mwandiga.

Mzozo wa suruali ya Idi ukabaki wetu wawili. Nikasema haiendi. Hamdani akasema inaenda. Nikalishika begi nikalimwaga lote juu ya kitanda nilifunge mwenyewe, na hapo ikaanguka kaptura.

Kaptura ya kaki, ya mtoto wa shule, imepigwa pasi ikasimama mstari. Mpya.

Niliitazama, nikamtazama yeye. Mwanamke wa miaka yangu asiye na mtoto, akiona kaptura ya mtoto kwenye begi la mume anayekwenda kwao, hahitaji kuelezwa. Damu ilinipanda mpaka masikioni.

"Hii ya nani?"

"Ya Dismasi."

"Dismasi ni mwanao? Sema! Una mtoto huko, na miaka yote hii unanidanganya?"

"Hasna, Dismasi ni mdogo wangu! Si nimekwambia? Nimemchukulia zawadi, nisiende mikono mitupu."

"Dismasi ana miaka mingapi?"

"Tisa," akasema.

Alilisema haraka, bila kufikiri, kama mtu anavyotaja jina lake. Halafu akasikia alichosema. Nilimwona akikisikia. Mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe kifuani, chini kidogo ya mabega, kumwonyesha mtoto anafika wapi.

"Muuzaji aliniuliza kimo," akasema polepole. "Nikamwonyesha hapa. Alikuwa ananifika hapa."

"Na wewe mwenyewe wakati ule ulikuwa na kimo gani?"

Akatazama mkono wake, akaushusha. Hata kifua alichompimia hakikuwa kile cha utotoni. Akakaa kitandani juu ya nguo zote.

Hasira yangu ikaniisha, nikabaki na huruma na aibu kidogo ya kupiga kelele. Nikakaa karibu naye. Siku zote niliogopa kwamba kule kuna mtu anayemfahamu mume wangu kuliko mimi. Kumbe alikuwa anakwenda kwa mtu asiyemjua, na hakuwa na habari.

"Basi tumkuze," nikamwambia.

"Tumkuze vipi?"

"Mwaka kwa mwaka. Alipotimiza kumi alikuwaje?"

Akafikiri. Akasema kumi pengine ilimkuta msituni, au kwa shangazi yao. Kumi na moja angekuwa anachunga mbuzi, maana alipenda mbuzi. Kumi na mbili meno ya mbele yameshajaa. Kumi na tatu amerefuka, maana upande wa mama yao wote ni warefu. Tukaenda hivyo, na mimi nachomekea kidogo, namwambia wavulana wa umri huo wanakula kama moto. Alicheka. Tulipofika kumi na tano akaacha kucheka.

"Hapo sauti inabadilika," akasema. "Akiniita kesho kutwa nje ya uzio, Hasna, sitajua kama ni yeye."

Akalia. Sikuwa nimewahi kumwona Hamdani akilia, hata alipozikwa yule mzee mvuvi aliyemlea. Nilimshika mgongo mpaka akatulia, kisha nikaitia suruali ya Idi kwenye begi, chini kabisa, nimeizungushia kanga isichafuke. Kaptura akaiweka mwenyewe kwenye sanduku. Nikajifunga ushungi nikatoka.

Wauza mitumba wa Buzebazeba walikuwa wanakaribia kukusanya bidhaa zao. Nilimfuata mama ninayemfahamu, Agnesi, ambaye huuza nguo za kiume.

"Nataka suruali ya shemeji yangu. Ya shamba, lakini nzuri."

"Kiuno ngapi?"

"Sijui."

"Mnene au mwembamba?"

"Sijui, dada."

"Mrefu?" Agnesi akaacha kukunja. "Sasa kaka yake si yuko nyumbani? Si ungemwuliza?"

"Na yeye hajui."

Agnesi alinitazama kidogo. Kigoma hii, miaka ile, hukuhitaji kumweleza mtu jambo hilo mara mbili. Akapekua rundo mpaka chini, akaniletea moja ya rangi ya udongo, nzito kiasi, yenye lastiki kiunoni na kamba ya kukazia, ndefu kupita kiasi.

"Chukua hii," akasema. "Akiwa mwembamba atakaza. Akiwa mfupi atakunja. Lakini mnene sana, hapo sikudanganyi, itambana."

Niliivuta ile lastiki kwa mikono miwili kuona mwisho wake. Nikaikunja, nikaitia kwapani, nikashika njia. Mpaka nafika mlangoni kwangu nilikuwa naomba dua moja tu: Dismasi awe mnene, na Hamdani arudi kunilaumu kwamba suruali imembana.