Chungu cha Nalepo

Mimi Wazungu siwapendi, na sijawahi kuficha. Baba yangu alibebeshwa mawe ya kujengea boma la Arusha huku kiboko kikimchapa mgongoni, na mpaka anakufa alikuwa hawezi kulala chali. Kwa hiyo mtu asije akasema niliwasifia Waholanzi kwa sababu walinilisha jibini. Niliwasifia kwa sababu mkono wangu ulikuwa juu ya chungu.

Kwetu Meru chungu cha laana si mchezo. Mtu aliyedhulumiwa hununua chungu kipya ambacho hakijapikiwa, akakileta mbele ya ukoo, akamtaja mbaya wake na kukivunja. Laana hiyo haizuiwi na mlima wala bahari. Lakini ukimvunjia asiye na hatia, inarudi nyumbani kwako. Ndiyo maana chungu hakivunjwi bila shahidi aliyeona kwa macho yake. Shahidi anaweka kiganja kwenye mdomo wa chungu na kusema yote, mema na mabaya ya yule anayetakiwa kulaaniwa. Akipindisha maneno, vigae ni vyake.

Nalepo alitaka kuuvunjia chungu mji mzima. Mwanawe wa pekee, Lomayani, rafiki yangu tangu tulipokuwa tunachunga mbuzi, alifia katika mji wa Waholanzi uitwao Gouda, ambao wenyewe wanautamka Hauda. Shahidi alikuwa mmoja tu, mimi Aminieli.

Tulifikaje huko? Mwaka ule reli ilipofika Moshi, Mzungu mmoja mfanyabiashara wa wanyama alinasa punda milia nyikani, akatafuta watu wa kuwalisha njiani hadi Ulaya. Mimi nilikuwa nimeendesha magari ya ng'ombe ya kaburu mmoja nikaijua lugha yake kidogo, na lugha ya makaburu na ile ya Waholanzi ni mtu na binamu yake. Lomayani aliwajua wanyama. Tukachukuliwa wote wawili, nikarudi peke yangu.

Kabla sijafika kijijini kwetu Akheri uvumi ulikuwa umenitangulia. Huko madukani Arusha kaburu mmoja alisema kwamba Lomayani alifungiwa zizini na punda milia watu wakamtazama, na alipokufa akatupwa majini kama mbwa. Nalepo aliposikia hakulia. Alikwenda kununua chungu. Na chungu kikishanunuliwa, matanga husubiri, kwa hiyo Lomayani alikuwa bado hajaliliwa na mtu.

Nilikwenda kumwona siku ile ile niliyofika. Hata kunikaribisha hakunikaribisha.

"Usiniambie kitu hapa mlangoni," alisema. "Utasema ukiwa umekishika."

Tukakutana asubuhi kwenye uwanja wa ukoo, juu kidogo ya mfereji, ukungu ukiwa bado umekalia migomba. Watu walijaa. Tusidanganyane, wengi hawakuja kusikiliza. Kila mmoja alikuwa na lake na Wazungu: huyu alinyang'anywa malisho na makaburu, yule alilimishwa barabara bila ujira, mwingine aliona wakubwa wetu wakinyongwa pale Arusha. Walikuja kuona vigae. Na mimi nilitaka kuviona kuliko wote.

Mshili wetu, yaani mkuu wa ukoo, Mzee Sumari, alikiweka chungu mbele yangu. Nalepo alikaa upande wa pili, mikono mapajani.

"Aminieli," mshili alisema, "mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tueleze huo mji ulivyo. Usiupake asali, usiupake kinyesi."

Nikaweka kiganja. Udongo ulikuwa baridi.

Nilianza na maji, maana ndiyo yaliyonishangaza kwanza. Wale watu wanaishi chini ya maji. Ukisimama shambani kwao unaona mashua inapita juu zaidi ya kichwa chako, na kinachokutenga na kifo ni ukingo wa udongo wenye nyasi. Wana vinu vikubwa vyenye mabawa, upepo unayazungusha usiku na mchana yatoe maji mashambani. Wana wazee wa maji kama sisi tulivyo na wazee wa mfereji. Ukingo ukibomoka tajiri hatumi mtu, anatoka mwenyewe na koleo, kwa sababu maji yakimmaliza jirani yake yatakuja kwake.

"Hao ni watu wenye akili," mzee mmoja alisema, na mwenzake akamkanyaga mguu.

Nikaeleza soko lao la jibini, yaani maziwa yanayogandishwa mpaka yanakuwa magumu na ya duara kama gurudumu. Muuzaji na mnunuzi wanapigana viganja, kila bei na kofi lake, paa, paa, mpaka mmoja anakubali. Likishapigwa kofi la mwisho hakuna wa kurudi nyuma. Nikaeleza kanisa lao, refu kuliko shamba la mtu, na madirisha yake ya vioo vya rangi. Jua linapopenya, mtu mweusi na mtu mweupe wote wanakuwa wekundu na bluu pale sakafuni. Mimi na Lomayani tulikaa humo siku moja mpaka mlinzi akatutoa, na alitutoa kwa adabu.

Nikaja kwenye ng'ombe. Zizi la Mholanzi limefagiliwa kuliko nyumba ya mpambe wa boma, na mikia ya ng'ombe imefungwa kamba juu ili isichafuke.

Hapo uwanja mzima ulicheka. Hata mshili aliinama kuficha meno. Nalepo peke yake hakucheka.

"Mabaya," alisema.

Yapo, na niliyatoa yote, tena kwa raha. Mifereji ya mji ule inanuka, maana kila kitu kinaishia humo. Nyuma ya nyumba nzuri kuna vichochoro ambako watu wanalala wamebanana, na watoto wanafanya kazi katika viwanda vya viko vya udongo mpaka wanakohoa vumbi jeupe. Pombe yao ni kali na wanaume wanaipenda. Tulipopita njiani watu walijaa milangoni kututazama, watoto wakatusugua mikono waone kama rangi inatoka. Lomayani aliwaachia mkono wake, wakasugua mpaka wakachoka. Mimi niliwafokea kwa Kimeru.

"Na zizi?" Nalepo aliuliza. "Walimtia zizini?"

"Tulilala bandani na punda milia, mama, hilo ni kweli. Lakini aliyetulaza humo ni yule mfanyabiashara, na yeye si wa mji ule. Alikuwa mpita njia kama sisi, akisubiri wanunuzi. Baridi ilipoingia, maji yakawa mawe, tulimwomba moto. Alikataa, akasema nyasi zitashika. Hapo ndipo Lomayani alipoanza kukohoa."

Watu walinguruma. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mama, vunja!"

Hapa naomba nieleweke. Ningeweza kunyamaza pale pale. Kila nililokuwa nimesema lilikuwa kweli, na chungu kilikuwa karibu kuvunjika. Nilimwona baba yangu amelala kifudifudi. Nilitamani mno kusikia mlio ule wa udongo, mji wa Wazungu walau mmoja ulipe. Nilichotakiwa ni kunyanyua kiganja tu na kusema nimemaliza. Nalepo alishaanza kuinuka.

Lakini kuacha nusu nako ni kupindisha, na Lomayani hakustahili nusu.

"Sijamaliza," nikasema. Nilikasirika mwenyewe kusikia sauti yangu.

Nikaeleza habari za Mama Neli. Alikuwa mjane mwenye nyumba jirani na banda letu, mfupi, mdomo kama wembe. Wanawake wa kule wanaosha ngazi za milango yao kila asubuhi, kwa brashi na maji ya moto, hata mvua ikinyesha. Siku ya kwanza Lomayani alikanyaga ngazi yake na miguu yenye matope. Yule mama alitutukana mpaka kona ya barabara, na mimi nikaapa kumchukia maisha yangu yote.

Lakini usiku mmoja alisikia kikohozi. Alfajiri akaja bandani na taa mkononi, akamwangalia Lomayani, halafu akamwendea yule mfanyabiashara, akamtukana kuliko alivyotutukana sisi. Hakungoja jibu. Akawaita majirani wawili, tukambeba Lomayani, tukampitisha juu ya zile ngazi zake kwa miguu yetu yenye mavi ya punda milia. Hakusema neno. Alimlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, karibu na jiko, akamnywesha maziwa ya moto kwa kijiko. Daktari aliitwa. Majirani walileta kuni na supu, zamu kwa zamu, bila kuombwa.

"Alikufa mikononi mwa nani?" Nalepo aliuliza. Alikuwa amekaa tena.

"Mimi nilimshika mkono huu. Mama Neli alimshika ule."

"Nani alimwosha?"

"Sisi wawili. Mama Neli akamvika shati jeupe."

"Wakamtupa majini?"

"Hapana, mama. Alizikwa ardhini, mahali palipoinuka, pasipofika maji. Majirani walibeba jeneza. Kule mtu akifa, kumbeba ni wajibu wa majirani, na wao walihesabu kwamba sisi ni majirani. Na kuna jambo jingine."

Nikasita. Bado nilikuwa sitaki.

"Sema," Nalepo alisema.

"Katika mji ule watu hawafungi mapazia. Hata jioni taa zikiwaka, ukipita unaona watu mezani wanakula, mzee anavuta kiko, paka amelala. Nilimuuliza Mama Neli kwa nini, akasema mtu asiye na la kuficha hafungi. Wanafunga siku moja tu, siku ya msiba mtaani. Siku tuliyomtoa Lomayani, nilitazama upande huu wa mfereji, nikatazama na upande ule. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Hata ya nyumba ambazo hatukuwahi kusalimiana nazo. Mtaa mzima ulikuwa kipofu kwa ajili yake."

Nilinyanyua kiganja changu.

Kijana yule wa samaki alijaribu tena. "Umekwenda Ulaya umerudi msemaji wa Wazungu!"

"Wewe," nilimwambia, "siku nikitaka kumsifia Mzungu wa bomani, nitakuja unichape. Mimi nimeulizwa kuhusu Gouda."

Mshili akaingilia kati. "Na huyo mfanyabiashara aliyenyima moto?"

"Huyo nitamnunulia chungu chake," Nalepo alisema. "Hiki nilikinunua kwa ajili ya mji."

Akakivuta kwake, akakipakata kama mtoto. Alikaa hivyo, akikisugua kwa kidole gumba, mpaka watu wakaanza kukohoa. Halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Huyo mama ana watoto?"

"Alikuwa na mmoja. Alikuwa baharia, akaugua homa melini akienda visiwa vyao vya mbali. Wakamshonea turubai, wakamteremsha baharini."

Nalepo aliinua uso. "Kwa hiyo aliyetupwa majini ni wa kwake."

"Ndiyo, mama."

"Kaburi hana?"

"Hana. Ndiyo maana alichagua pale palipoinuka. Alisema huyu mmoja asilale majini."

"Anaitwa nani, mtoto wake?"

"Kees. Sisi tungesema Kesi."

Alilitamka taratibu, mara ya kwanza likamshinda, mara ya pili likamkaa mdomoni. Kisha akasimama na chungu chake, akaondoka uwanjani bila kuaga. Wanawake walimfuata mmoja mmoja. Mshili alibaki anatazama mahali chungu kilipokuwa. Akasema kikao kimekwisha, ingawa kila mtu alikuwa ameshaliona hilo.

Mimi nilikwenda nyuma yao polepole. Nilikuwa na hasira na sijui nilimkasirikia nani. Nilipofika kwa Nalepo moto ulikuwa umewashwa, na kile chungu kilikuwa juu ya mafiga, kimejaa ndizi na mahindi. Chungu kilichopikiwa hakifai tena kwa laana. Alikuwa anapika loshoro ya matanga, na maziwa mtindi yalikuwa pembeni kibuyuni.

Akaniona. "Kaa, mwanangu," alisema, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunikaribisha tangu nirudi. "Ulimshika mkono. Kaa."

Nikakaa. Ndipo akaanza kulia. Alilia kwa sauti ya juu, ile inayovuka korongo na kufika ng'ambo, akaliita jina la mwanawe kama mama anavyomwita mtoto aliyechelewa machungani. Lomayani, we Lomayani! Wanawake wakaitikia. Mimi niliyerudi na macho makavu kutoka Ulaya, niliyemzika bila kutoa chozi kwa sababu sikutaka Wazungu wanione, nililia mpaka nikakosa pumzi.

Alipomaliza kumwita Lomayani alipumua, akajifuta uso kwa upande wa mkono, akaanza upya. Kesi, we Kesi! Wanawake walitazamana, kisha wakaitikia vile vile, kwa nguvu ile ile, jina ambalo halijawahi kusikika Akheri tangu mlima uwepo.

Watu waliokuwa wanapita kwenda mferejini walisimama. Mzee mmoja akasogea mpaka nilipokaa, akaniinamia.

"Lomayani namjua," alisema. "Huyu Kesi ni nani?"

"Ni mtoto wa jirani," nikamwambia.