Kitako Kilichochimbwa

Philémon aliingia kwa seremala Modeste, kule Nyawera, mtaa wa Bukavu, na bunduki iliyofungwa katika kitenge. Akaiweka juu ya meza ya kazi bila kusalimia. Wateja wawili waliokuwa wakingojea viti vyao walitoka nje polepole.

Ilikuwa bunduki ya marehemu baba yake, ndefu na nzito, yenye karatasi zake zote. Kwa miaka kumi na miwili wakulima wa Mwenga walimwita Philémon kila nguruwe-pori walipovamia mihogo. Alipiga kutoka mbali, ng'ambo ya bonde, kwa kuwa nguruwe wale hawakungoja mtu awakaribie. Uzito ule ndio uliotuliza mkono wake. Ukiilaza juu ya kidole kimoja, mbele kidogo ya kifyatuo, ilikaa sawa, haikuinama huku wala huku.

Shemeji yake Gaston ndiye aliyembebea bunduki hiyo milimani, na hakuacha kulalamikia bega lake. Philémon alipolazwa na malaria, Gaston aliipeleka kwa Modeste achimbe mbao ndani ya kitako, ile sehemu ya nyuma inayokaa begani, ili bunduki ipungue uzito. Mwenyewe hakuambiwa lolote.

Baada ya kupona walikwenda Mwenga. Mwenye shamba, mjane aitwaye Adolphine, aliombwa abaki nyumbani. Nguruwe dume alitokea upande wa pili wa bonde, kama mita mia mbili. Philémon alilala kifudifudi akalenga bega. Mtutu ukazama mbele, maana nyuma kulikuwa kwepesi. Akauinua, ukazama tena. Akafyatua. Risasi ilivunja mguu tu, na mnyama akakimbilia nyumbani kwa Adolphine, akamkuta uani, akampasua paja.

Philémon alimmalizia nguruwe pale uani, kisha wakambeba mama kwa machela saa nne nzima hadi barabarani. Njiani ndipo Gaston alipokiri, huku analia. Philémon aliibeba hasira yote hadi Bukavu, hadi kwenye meza ya Modeste.

"Ulichimba bunduki ya mutu bila kumuuliza?" alimwambia Modeste.

Modeste alijitetea kwamba Gaston alisema muzee Philémon mwenyewe ndiye aliyemtuma.

"Nyumba yangu unaijua. Ungekuja kuuliza. Sasa kule Mwenga maman mumoja hawezi kusimama, sababu ya patasi yako."

Seremala aliinamisha kichwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Papa Philémon, siku ya kuondoka, hukusikia kama iko nyepesi?"

Philémon alipiga meza kwa ngumi hadi patasi zikaanguka. Alikuwa amesikia. Mikono yake ilikuwa bado na udhaifu wa homa, na wepesi ule ulimfurahisha. Hakuijaribu hata kidogo juu ya kidole.

"Nilisikia," alisema.

Alimwamuru achonge kitako kipya cha mti mzito, akamsimamia siku tatu bila kuketi, hadi bunduki ikatulia juu ya kidole. Gaston hakuruhusiwa tena kuigusa.

Adolphine alipona, lakini anatembea kwa fimbo. Philémon alirudi kumweleza kwamba kosa lilikuwa lake pia, si la shemeji peke yake. Mama alimsikiliza hadi mwisho, uso umekaza.

"Nguruwe zingine zilikuja jana," alisema. "Enda ukalale kule ng'ambo na bunduki yako, uzingojee. Ile ya kusamehe, bado."