Fungua Maji, Tuone

Ombeni aliegesha trela mbele ya ofisi ya Shaukat saa nane mchana, akazima gari, akashuka bila kutoa shikamoo. Mwaka mzima alikuwa akiitoa kila anapofika hapa. Leo aliimeza.

Shaukat aliliona pengo hilo mara moja. Alikuwa mzaliwa wa Tabora, na kwa miaka ishirini alikuwa akiuza matrela ya kulala pembezoni mwa Toronto. Alisimama mlangoni na kikombe chake mkononi.

"Umekuja na hasira, kijana."

"Nimekuja na trela. Waranti ya kiwanda inaisha leo saa kumi na moja."

"Najua. Fundi wangu, Rehan, amelikagua mara tatu. Kosa halionekani."

"Hamkulisikiliza."

Tangu Aprili, trela hilo lilikuwa likibisha. Tok, tok, tok, kutoka ukuta wa nyuma, chini ya kitanda. Kisha kimya cha nusu saa au zaidi, kisha tena. Ombeni alikuwa akiliweka nyuma ya ghala la Downsview alikofanya kazi. Mkewe, Wema, aliingia siku moja kulifagia, akatoka na ufagio ungali mkononi.

"Huyo ni mama yako," alisema. "Mara tatu, vilevile kama zamani. Mimi humo silali, wala wanangu."

Ombeni alimfokea, akamwambia aache ujinga. Lakini naye alikuwa amesikia. Mama yake, Asumpta, alibisha kila mlango mara tatu, hata mlango wa chumba chake mwenyewe, ndipo akasema hodi. Aliishi nao miaka minne ghorofa ya kumi na sita, kule mtaa wa Jane na Finch, akilalamika kwamba miguu yake imesahau udongo. Trela lilinunuliwa kwa ajili yake, apate kulala karibu na ardhi. Alilala humo mara mbili tu, kando ya ziwa, kabla ya baridi kuingia. Februari alifariki.

Kitandani hospitalini aliomba jambo moja. Kumbukumbu yake isifanyiwe kwenye ukumbi wa kukodi wenye viti vya plastiki. Ifanyiwe kule ziwani, ndugu walale chini, na trela liwe katikati yao. Ombeni aliahidi. Kumbukumbu ilikuwa Jumamosi hiyo, ndugu walikuwa wamekwisha kualikwa, na trela lilikuwa likibisha.

Sauti ile peke yake angeivumilia. Kilichomtafuna ni siku ya kununua.

Katika yadi za kuuzia matrela kuna desturi. Kabla mnunuzi hajasaini kupokea, hutembezwa ndani ya trela kwa saa mbili nzima: mabomba hufunguliwa, jiko huwashwa, pampu husikilizwa. Rehan, mpwa wa Shaukat na fundi wa yadi, alikuwa tayari na karatasi yake. Lakini Shaukat alikuwa ameshamimina chai ya tangawizi, ameshauliza habari za Tabora, ameshamwita Asumpta dada. Ombeni alijisikia yuko kwao. Amkague mtu aliyempa chai, tena kwa Kiswahili, mbele ya Wazungu waliokuwa wakipita na karatasi zao? Aliona ni kumtukana. Akachukua kalamu.

Mama alikuwa amesimama kwenye sinki. "Fungua maji, mwanangu, tuone."

"Mama, usinitie aibu."

Mama akaondoa mkono wake kwenye bomba. Ombeni akasaini kwamba kila kitu kimekaguliwa na kiko sawa.

"Ulisaini," Shaukat alisema sasa, kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake mwavuli.

"Nilisaini uongo, na wewe ulikuwa unaniangalia. Sikuombi zawadi. Nataka ukaguzi ule niliouruka, wote. Ukae humo ndani na mimi. Bila chai."

"Kiwanda hakinilipi fundi akipasua ukuta bila kosa kuandikwa."

"Basi kaa, usikie, uandike."

Shaukat alicheka kidogo. "Una moto, wewe. Hata dada alisema. Hajambo lakini?"

Ombeni alimtazama. "Alifariki Februari."

Kikombe kilishuka polepole mpaka kwenye ngazi. "Hukuniambia."

"Hukuuliza. Kila nikija unanipa karatasi."

 Shaukat alimwita Rehan, akavua viatu kama anayeingia nyumba ya watu, akapanda ndani ya trela.

Rehan alijaza tangi, akawasha pampu, akafungua mabomba moja moja. Yalikohoa hewa, yakatoa maji, akayafunga. Pampu ikanyamaza. Rehan alielewa Kiswahili chote ila alijibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza alisema dakika kumi zinatosha. Ndivyo walivyofanya mara zote tatu.

"Kaa chini," mjomba wake alimwambia.

Wakakaa. Dakika kumi zikapita, zikapita ishirini. Soksi za buluu za Asumpta zilikuwa bado kwenye rafu juu ya kitanda, zimekunjwa moja ndani ya nyingine. Shaukat alizitazama, akatazama pembeni.  Ombeni akajikuta anaomba lisibishe, kisha anaomba libishe.

Dakika ya thelathini na nane: tok, tok, tok.

Rehan akainua kichwa: ilikuwa pampu ikiamka na kutikisa bomba ukutani. Mabomba yote yalikuwa yamefungwa, na pampu haiamki yenyewe isipokuwa maji yanatoroka mahali. Hakungoja kuambiwa. Aliinua kitanda, akakata ukuta. Ndani, mbao zilikuwa nyeusi na laini kama mkate uliolowa. Kibano cha bomba hakikuwahi kukazwa tangu kiwandani, na tone lilikuwa likining'inia hapo, likijaa taratibu.

"Tangu siku ya kwanza," Shaukat alisema. "Tungekaa tu siku ile, tungesikia."

"Yeye alitaka tukae."

Saa kumi na nusu Shaukat aliandika kosa, akaandika saa na tarehe, akatia sahihi. "Rehan ataanza sasa hivi. Ijumaa njoo ulichukue, likiwa kavu. Na Jumamosi, kama hutakataa, nitakuja ziwani."

Ombeni aliipokea karatasi. Alingoja ile furaha ya kushinda. Haikuja.

Rehan alikwisha kumwaga maji ya tangi. Alifungua pampu, akaichomoa, akaiweka juu ya meza na nyaya zake zikining'inia.

Tok, tok, tok.

"Karibu," Shaukat akaitikia. Mdomo ulitangulia, kama ulivyofundishwa Tabora miaka hamsini nyuma. Kisha akaitazama pampu pale mezani, na uso wake ukabadilika. Rehan alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati.

Ombeni alikwenda kuufungua mlango. Nje palikuwa na jua kali la Juni, safu za matrela meupe, na kikombe cha Shaukat kwenye ngazi. Hapakuwa na mtu. Akasogea pembeni, kama unavyompisha mkubwa wako apite.

"Shikamoo, mama," alisema.

Kisha akaenda kwenye sinki. Tangi lilikuwa tupu, alijua. Akafungua bomba mpaka mwisho, akasimama hapo kusikiliza.