Unyevu wa Kikombe cha Saba

Mahindi ya mama yake Jentrix Wakhungu yalikuwa makavu. Hilo lilijulikana Tongaren nzima, maana yalianikwa kwenye uwanja wa kanisa mpaka yakawa yanalia kama kokoto ukiyashika. Lakini mashine ya ghala la ushirika mjini Kitale ilisema yana unyevu wa asilimia kumi na tisa, na mwisho unaokubalika ni kumi na tatu na nusu. Mama alipimiwa Jumatatu, akaambiwa hapana. Akapimiwa tena Jumatano, hapana, namba ile ile. Magunia yake yalilala nje, chini ya turubai la kuazima, na mvua ya jioni ilipokuja haikupita juu tu. Ilipita na chini.

"Jentrix, kuja," mama alisema kwenye simu. "Hii mashine inanichukia."

Jentrix alikuwa Bungoma, kwenye chumba chake nyuma ya duka la kutengeneza simu. Alikuwa amejifundisha mwenyewe kerneli, ile programu ya chini kabisa kwenye kompyuta inayozigawia programu nyingine kumbukumbu. Aliisoma mstari kwa mstari jinsi wengine wanavyosoma Zaburi, ila yeye kwa hasira zaidi. Tena hakuwa mtu wa kusahau. Aliukumbuka mwaka mbolea ilipokuja nusu mchanga. Aliukumbuka mwaka mizani ilipokutwa na jiwe chini yake, na alimkumbuka aliyelikalia lile jiwe ili wakaguzi wasilione. Kwa hiyo aliposikia kwamba mahindi ya mwenyekiti wa ushirika, Mzee Zachary Kipketer, hayajakataliwa hata mara moja tangu mavuno yaanze, hakuhitaji kufikiri. Alibeba laptopu yake akaenda Kitale.

Foleni ilikuwa imetoka nje ya lango. Mama alikuwa ameketi juu ya gunia, karibu na mkulima mwingine, Beth Wacuka, ambaye naye alikuwa amekataliwa kwa kumi na tisa.

"Wewe pia kumi na tisa?" Jentrix aliuliza.

"Sote," alisema Beth. "Hapa ni kama sare ya shule."

"Na mwenyekiti?"

"Mwenyekiti ni kumi na mbili. Mungu anamwanikia."

Ndani, fundi wa mashine, kijana mpole aitwaye Gachanja, alikuwa akipanga trei. Trei ina vikombe vingi, kila kikombe mahindi ya mkulima mmoja; inaingizwa, kihisi kinapitia vyote, namba zinatokea kwenye skrini. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha mwenyekiti. Hakuna sheria iliyosema hivyo. Siku ambazo hakuleta mahindi, kiliwekwa mahindi ya makamu wake; makamu akikosekana, ya mchungaji. Mtu wa kawaida hakuwahi kuingia kikombe cha kwanza, kama ambavyo hakuwahi kumiminiwa chai kabla ya meza kuu.

"Niaje," alisema Gachanja. "Wewe ndiye yule msichana wa Bungoma wa kerneli?"

"Mmemwandika humu wapi?"

"Nani?"

"Kipketer. Nionyeshe mahali mashine imeambiwa imwonee haya."

"Bana, mashine haijui watu. Inajua vikombe."

"Tutaona."

Gachanja alimpisha kiti. Jentrix alisoma asubuhi yote. Alitafuta jina la mwenyekiti, namba yake ya uanachama, kijiji chake. Hakukuwa na kitu. Alitafuta mahali kumi na tisa imeandikwa kwa mkono. Hakukuwa na kitu. Alikuja kutafuta wizi, na kutoukuta kulimkasirisha kuliko ambavyo kuukuta kungemkasirisha.

"Hii kumi na tisa ilianza lini?" aliuliza mwishowe.

"Jumatatu. Wa kwanza kupimwa ilikuwa lori la wakulima wa Chwele, mahindi imenyeshewa vibaya. Ukitoa kikombe cha mzee, trei nzima ikasema kumi na tisa, na ilikuwa kweli, nilipima kwa kile kipimo kidogo cha mkono. Tangu hapo watu wote ni kumi na tisa. Nikadhani ni mvua."

"Na kabla ya Jumatatu hukugusa kitu?"

"Kugusa?" Gachanja alijikuna shingo. "Niliiongezea kasi Jumapili. Mzee alisema inachelewa, ati wageni wakija ni aibu. Sasa nikaweka kurasa kubwa."

Jentrix aliacha kuandika.

Kompyuta hugawa kumbukumbu yake vipande vipande, na kipande kimoja huitwa ukurasa. Kurasa hizo ni ndogo, na kuzihesabu kunaichosha kerneli. Ndiyo maana mtu akitaka kasi huziunganisha nyingi ziwe ukurasa mmoja mkubwa. Hapo hakuna kosa. Ila ndani ya mashine kuna mambo mawili yanayoenda pamoja. Kihisi huandika vipimo moja kwa moja kwenye kumbukumbu, bila kumwambia mtu. Prosesa, ile sehemu inayofanya hesabu, nayo haipendi kutembea mpaka kwenye kumbukumbu kila mara, kwa hiyo huweka nakala karibu yake, mahali panapoitwa kache. Vipimo vipya vikiingia, ni kazi ya kerneli kuiambia prosesa: tupa nakala zako, kasome upya. Isipoambiwa, prosesa itaendelea kusoma nakala ya zamani kwa uhakika wote, kama mzee anayekueleza bei ya sukari ya wakati wa ujana wake.

"Na ulijaribu baada ya kuweka?"

"Kila siku! Nachukua mahindi ya mzee, napima kwa mashine, napima kwa mkono. Zinalingana kabisa."

"Kwa nini ya mzee?"

"Si ndiyo ya kwanza?"

Jentrix alifungua mstari wa kutupa nakala, akamgeuzia Gachanja skrini. Ulisema: tupa nakala za ukurasa. Ukurasa ulipimwa kwa kipimo cha zamani, kile kidogo. Kerneli ilikuwa ikiambiwa ifagie nyumba, inafagia mlangoni, inarudisha ufagio. Mlangoni ndipo kilipokuwa kikombe cha kwanza. Vikombe vingine vyote, mashine ilikuwa bado inasoma lori la Chwele, na kwa kuwa haikuzimwa wala haikuwa na kazi nyingine ya kujaza kache yake, nakala hizo zilikaa tu.

"Ai," alisema Gachanja. Alikaa chini juu ya mfuko wa vikombe. "Ai, bana. Na mimi nilikuwa napima heshima."

"Usiguse bado. Kwanza wataamini?"

Hawakuamini. Mwenyekiti aliitwa, akaja na koti, akasikiliza neno kerneli mara kadhaa kwa uvumilivu.

"Binti yangu," alisema, "mashine haina upendeleo. Tulisema hivyo siku ya kuizindua."

"Ndiyo maana tunaomba ukae cha saba, mzee."

"Cha saba?"

"Kama haina upendeleo."

Foleni ilikuwa imeshaingia mlangoni. Mwenyekiti alitazama nyuso, akaona hakuna hata moja ya kumwokoa, akasema sawa. Beth Wacuka alipewa kikombe cha kwanza. Hakuwahi kuwa wa kwanza katika jambo lolote la ushirika, akauliza kama kuna mahali maalumu pa kusimama.

Trei iliingia. Kikombe cha kwanza: kumi na mbili na nusu. Cha saba: kumi na tisa.

"Hii mashine ni mbovu," alisema mwenyekiti.

Wakulima walikuwa wamesema maneno hayo tangu Jumatatu, lakini sasa yalikuwa yamesemwa. Katibu wa ushirika aliagiza kazi isimame mpaka mashine itengenezwe, na waletewe chai. Gachanja aliandika, Jentrix akasoma juu ya bega lake: anza ukurasa mdogo wa kwanza, tupa nakala zake, nenda wa pili, endelea mpaka ukurasa mkubwa uishe. Ilikuwa mistari michache. Waligombana kuhusu jina la kihesabio cha kurasa, akashinda Gachanja. Mashine ilizimwa, ikawashwa, na namba zikaanza kutofautiana kama watu. Mwenyekiti, kikombe cha saba: kumi na mbili. Foleni ilipiga makofi, kwa ajili ya mashine.

Kisha ikaja zamu ya mama.

Gachanja alichoma kila gunia kwa chuma cha kutolea sampuli, akachanganya, akajaza kikombe. Skrini ilisema kumi na saba.

"Rudia," alisema Jentrix.

Alirudia. Akapima kwa mkono. Akatia kidole kwenye gunia la chini, lile lililolala kwenye udongo, akakitoa na punje zimemganda.

"Sasa ni kweli," alisema polepole. "Pole, mathe. Jumatatu mahindi ilikuwa kavu. Sasa ni kweli."

Mwenyekiti alikuwa amepata tena sauti yake. "Mnaona? Tangu mwanzo mashine ilisema ni mabichi."

Jentrix alifungua mdomo. Alikuwa na mengi, kuanzia mbolea, na alikuwa ameyapanga kwa miaka. Lakini mama alikuwa tayari ametoka nje, na Jentrix akamfuata.

Mbele ya ofisi palikuwa na uwanja wa kabro, matofali ya saruji yaliyopangwa vizuri, unaoteremka kidogo ili maji yasitulie. Jua lilikuwa linaupiga wote. Magari ya wakurugenzi yalikuwa yamepangwa pale.

"Mayi, turudi Tongaren?" Jentrix alimwuliza mama yake.

"Kwa nauli ya nani?" Mama alikuwa akitazama kabro. "Waambie wahamishe gari."

Hakungoja waambiwe. Walilivuta gunia la kwanza wao wawili, wakalifungua, mahindi yakamwagika mpaka kwenye magurudumu ya gari la katibu. Beth aliacha zamu yake akaja kushika gunia la pili. Wengine waliolaza magunia nje tangu Jumatatu walitazamana, halafu nao wakaanza kuvuta.

Askari wa lango alikuja mbio, rungu mkononi, akasimama penye ukingo wa mahindi, asijue kama anaruhusiwa kukanyaga.

"Nani amewaruhusu?"

"Kamati," alisema Jentrix, akivua viatu ili ayatawanye kwa miguu.

"Kamati gani? Mimi siijui."

"Subiri," alisema Jentrix. "Ndiyo inaundwa."