Gongo la Mzee Halvar Ndani ya Tangi

Ingalill, muuguzi wa kuzungukia wagonjwa majumbani, alibonyeza tena kitufe cha maji ya kioo. Mota ndogo chini ya boneti ililia kama inzi aliyenaswa ndani ya chupa, lakini kwenye kioo hakikuja kitu. Waipa zilipita kavu, zikaisambaza chumvi, na barabara ya Granåsel ikageuka ukungu mweupe wenye mwanga mmoja katikati. Huenda mwanga ule ulikuwa jua linalochomoza, huenda ulikuwa lori. Akapunguza mwendo mpaka ajue.

Lilikuwa lori. Likapita na kumrushia tope la chumvi kioo kizima.

Jana baridi ilikuwa imelegea, watu wa barabara wakamwaga chumvi yao ya kuyeyusha barafu. Usiku baridi ikarudi kwa hasira. Ingalill alisimama pembeni, akashuka, akachota theluji kwa mikono miwili na kukisugua kioo. Kilikaa safi mpaka lori lililofuata. Akashuka tena. Alikwenda hivyo hivyo mpaka kwa mzee Halvar, mgonjwa wake wa kwanza asubuhi ile.

Lakini mawazo yake yalikuwa kwa wa pili. Bibi Tyra, upande wa pili wa mto, ana kisukari, na macho yake hayaoni tena alama za kwenye sindano. Hali chakula mpaka achomwe insulini, na hachomwi mpaka Ingalill afike. Hukaa mezani na sufuria ya uji imefunikwa, anasubiri. Majuzi mhudumu mwingine alipochelewa, alimkuta amelala sakafuni. Alipozinduka, Bibi Tyra ndiye aliyeomba radhi.

Ingalill alimvisha mzee Halvar soksi zake za kubana, akampa vidonge na maji. Mzee akamshika kiganja.

"Mikono yako imekuwaje, mwanangu? Myekundu kama kamba wa kuchemsha."

"Leo waipa ni mimi mwenyewe, mzee. Maji ya kioo yameganda."

"Yameganda? Maji ya kuoshea kioo, mwezi wa pili?" Mzee alikuwa ameshafikia kofia yake ya manyoya. "Hebu tukaone."

"Sina muda wa kuona, mzee. Bibi Tyra ananisubiri."

"Na utafika vipi kwa Tyra, kwa kupapasa?"

Hapo alikuwa na hoja. Wakafungua boneti. Ndani ya tangi kulikuwa na barafu ya buluu, nzuri kweli, kama kipande cha anga. Mzee Halvar aliinamisha pua.

"Rangi ipo. Harufu haipo. Nusa wewe."

Ingalill akanusa. Maji ya kioo ya majira ya baridi hutiwa spiriti yasigande, hunuka mpaka macho yanawasha. Haya hayakunuka chochote.

"Ni maji ya bomba," alisema polepole.

"Ni maji ya bomba yaliyotiwa rangi. Nani anawajazia?"

"Karakana iliyopewa kazi na halmashauri. Walichagua ya bei ndogo."

"Wakapata barafu bure."

Ingalill alipaswa kukasirika, lakini alikuwa mtu wa aina nyingine. Utotoni alifungua saa ya mama yake aone kinachogonga ndani. Sasa alichokoa barafu kwa mpini wa ufagio, akaona kandokando ni jiwe ila katikati bado kuna uji uji, akajiuliza ni kwa nini. Alipoinua kichwa, mzee hakuwepo.

Alirudi kutoka ghala la chini akibeba chupa iliyovishwa soksi.

"Mzee Halvar! Hilo ni gongo?"

"Polisi wakiuliza, ni maji ya kuoshea kioo. Nilipika na marehemu ndugu yangu. Hii ndiyo chupa ya mwisho."

"Basi iweke. Ni kumbukumbu yako."

"Kumbukumbu haimpeleki mtu kwa Tyra," alisema mzee, akaanza kumimina.

Alimimina kwa pupa. Gongo liliingia tangini, lakini jingine lilimwagikia glavu za sufu za Ingalill aliyeishika shingo ya chupa. Wakakoroga. Barafu ikapasuka, ikaimba, ikalainika, na wote wawili wakachungulia vichwa vikigusana, kama watoto juu ya shimo la siafu.

"Tangi linakunywa!" mzee alicheka. "Linamshinda ndugu yangu!"

Ingalill, mtu wa kanisa, aliyekuwa hajawahi kuonja hata bia, alicheka naye. Kisha akaingia garini, akachukua kifaa cha kupulizia, kipimo cha pombe. Magari yote ya halmashauri yanacho: mpaka upulize na taa iwake kijani, injini haikubali kuwaka.

Akapuliza. Nyekundu.

Akakitazama. Akapuliza tena, kwa adabu zaidi. Nyekundu, na safari hii kifaa kikalia kwa sauti nyembamba, kikajifunga. Dakika hiyo hiyo simu ikaita. Alikuwa Jeanette, mkuu wa zamu.

"Ingalill, gari linasema umelewa."

"Gari ndilo limelewa, bosi. Mimi sijagusa."

"Usinifanyie mzaha leo. Ujumbe umenifikia mimi na umefika makao makuu. Usimguse mgonjwa yeyote mpaka nije nikupime mwenyewe."

"Na Bibi Tyra?"

"Natafuta mtu."

"Yupo?"

"Natafuta, nimeshakwambia!"

Ingalill aliijua sauti hiyo. Maana yake hakuna mtu.

Akabaki na kifaa mkononi. Mashine ile ilijuaje kunusa kitu ambacho yeye hakunywa? Alizipeleka glavu puani, akapata jibu. Alikuwa ameshika kipimo cha pombe kwa glavu zilizolowa gongo. Angecheka, kama saa isingekuwa inakwenda.

Mzee Halvar, kwenye ngazi, alikuwa ameacha kucheka zamani. "Nimekuharibia kazi, mwanangu."

"Hujaniharibia. Umenisaidia, ila mashine haijui tofauti."

Mzee aliingia bandani, akatoka na sleji ya marehemu mkewe: kiti cha mbao mbele, vyuma viwili virefu chini, na mahali pa kusimama nyuma. Alikipangusa kiti kwa mkono wa koti lake. Ingalill akafunga mkoba wa dawa kitini, akapanda vyumani, akasukuma kwa mguu mmoja. Aliijua amri ya Jeanette, na aliijua sakafu ya jikoni kwa Bibi Tyra. Njia ya mtoni ilikuwa imeganda vizuri. Vyuma vikaimba, machozi ya baridi yakamtiririka, na hapakuwa na kioo mbele yake cha kusafisha.

Bibi Tyra alikuwa mezani, mweupe kama kitambaa cha meza, mikono juu ya mfuniko wa sufuria.

"Samahani nimekusumbua na baridi hii," alisema.

"Usiseme samahani, bibi. Lete kidole."

Akampima sukari, akanawa upya, akavuta dozi, akamchoma. Kisha akafunua uji. Bibi Tyra alikula vijiko vichache ndipo akanusa hewani.

"Unanukia harusi leo."

"Ni glavu, bibi."

Bibi aliweka kijiko chini. Alipapasa droo, akatoa glavu kavu za marehemu mumewe, kubwa kama za dubu, akamvisha Ingalill moja baada ya nyingine.

Jeanette, aliyeelekezwa na mzee Halvar, alifika kichwa kikiwa nje ya dirisha la gari lake, maana kioo chake nacho kilikuwa cheupe kwa chumvi; kope zimeshika barafu. Shavu moja lilikuwa na doa jeupe la kuumwa na baridi. Ingalill, kabla ya salamu, alivua glavu na kuliwekea doa lile kiganja cha moto mpaka damu ikarudi.

"Asante," Jeanette alisema, akitazama chini. "Puliza hapa."

Kipimo cha mkononi kikaonyesha sifuri. Jeanette alishusha pumzi.

"Nilijua. Lakini ile nyekundu siwezi kuifuta, Ingalill. Iko makao makuu. Mpaka wao waamue, huruhusiwi kuwa peke yako na mgonjwa."

"Na yale maji ya kioo yaliyoganda?"

"Mkataba wa karakana ni wao waliosaini."

"Na wewe umeona nini njiani?"

Jeanette alipangusa barafu kopeni. "Theluji ya pembeni."

Dirishani, Bibi Tyra alikuwa akiwapungia kijiko. Wagonjwa wengine walikuwa bado wamelala, wanasubiri mikono.

"Basi usiniache peke yangu," alisema Ingalill, akageuza sleji. "Kaa."

"Hapo? Mimi?"

"Shika mkoba. Inua miguu."

Mkuu wa zamu akakaa, mkoba mapajani, kofia mpaka masikioni. Walipofika mtoni simu yake iliita. Makao makuu walitaka kujua kwa nini magari mawili ya halmashauri yamesimama.

"Yamesimama kwa sababu hayaoni," alisema Jeanette. "Hapana, wagonjwa tunawafikia... Mnauliza kwa gari gani?"

Aliitoa simu sikioni, akainama, akaishusha karibu na barafu, pale vyuma vilipokuwa vikikwaruza.

"Ongeza mwendo, Ingalill," alisema. "Wasikie vizuri."