Sisimizi Waliipita Glasi ya Wifi

Haiwezekani kitu kisicho na sukari kikawa kitamu vile. Nilisema hivyo siku ya kwanza wifi yangu aliponiwekea glasi mbele yangu, na nikaendelea kusema mpaka majirani wakachoka kunisikia. Mimi ni fundi cherehani. Mtu akiniletea nailoni akaniambia ni hariri, nakisugua kitambaa kidoleni tu nakijua. Sasa mke wa mdogo wangu anipe maji ya rosela yananoga kama ya harusini, aniambie humo hamna sukari hata chembe, nimwamini? Kwa lipi?

Mdogo wangu ana kisukari. Ni dereva wa lori, mtaa mzima wanamwita Honi kwa ajili ya sauti yake. Mguu wake wa kulia, ule wa kukanyagia mafuta, ulikuwa na kidonda chini ya unyayo ambacho kilikataa katakata kupona. Daktari alituambia wazi, sote tumekaa mbele yake: sukari isiposhuka kabla ya kliniki ijayo, mguu unakatwa. Honi akacheka. "Daktari, ukikata huu, breki nitakanyaga kwa mkongojo?" Hakuna aliyecheka naye. Mama yetu tulimzika kwa ugonjwa huo huo.

Nyumbani kwao sukari ilishapigwa marufuku. Wifi alitupa mpaka kopo la kuwekea sukari. Lakini kila wakimpima, imepanda. Niambie wewe, ilikuwa inatoka wapi kama si kwenye zile glasi?

Kabla ya kuolewa, wifi alikuwa anachanganya vinywaji kwenye kaunta ya hoteli. Ndoa ilikuwa bado changa, na mimi nilikuwa namwangalia kwa jicho la pembeni. Siku moja nikasimama mlangoni mwa jiko nimwone anavyofanya. Alikuwa amechemsha maua makavu ya rosela na kijiti cha mdalasini, akaiacha ipoe kabisa. Akaponda tangawizi na majani ya nanaa, akavitia vyote kwenye kopo lake la bati pamoja na barafu na tone la vanila, akafunga, akatikisa karibu na sikio mpaka bati likatoka jasho. Akachuja kwenye glasi yenye shingo ndefu, akajazia maji ya gesi, halafu akachukua ganda la chungwa akalikunja juu ya glasi mpaka likarusha mafuta yake. Mwisho akatia chumvi, kidogo sana.

"Chumvi tena?" nikamuuliza.

"Inapunguza uchungu, wifi. Na vanila inaudanganya ulimi. Pua ikinusa kitamu, ulimi unafuata tu. Wakija wageni wanaotumia pombe, naongeza jini kidogo. Ya Honi haina jini, haina sukari."

"Kumbe kazi yako ni kudanganya."

"Ulimi tu, wifi."

Jamani, lisikie jibu hilo! Moyoni nikasema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya huyu nitaiona. Alipotoka kuanika nguo nikafungua makabati yote. Nikaonja chumvi kama ni chumvi. Nikanusa vichupa. Nikapekua mpaka pipa la unga, mkono ukatoka mweupe hadi kwenye kiwiko. Sikupata kitu, na hilo likanitia shaka zaidi. Mtu safi kiasi hicho ana lake jambo.

Nikamfuata Honi barazani, kwenye kiti chake. "Mdogo wangu, niambie mimi dada yako. Mkeo anakutilia nini humo?"

Hakuniangalia. Aliangalia kiatu chake, ile raba pana aliyoandikiwa hospitalini ili isibane kidonda. "Dada, mimi nakunywa ninachopewa."

"Ndiyo kusema anakutilia?"

"Mimi nitajuaje? Siingii jikoni."

Hakumtetea! Mtu anayempigia honi hata mbuzi, leo hana sauti ya kumtetea mkewe. Nikaona basi, hata yeye anamshuku ila anaona aibu kusema. "Kikulacho ki nguoni mwako," nikamwambia. Akakohoa, akageukia ukutani.

Basi nikakumbuka sisimizi. Mama yetu hakupimwa na daktari kwanza, alipimwa na sisimizi. Kila akitoka kujisaidia walikuwa wanajaa pale chooni, mpaka bibi akasema mpelekeni hospitali huyu, ana sukari. Walipompima ikawa kweli. Tangu hapo, kwenye mambo ya sukari, mimi mtu asiniambie kitu mbele ya sisimizi. Hawana wifi, hawana shemeji, hawajui kuoneana haya.

Kliniki ilikuwa kesho yake. Jioni nikafika kwao, wifi akatuletea glasi zetu barazani, barafu zinagongana. Nikasubiri arudi jikoni. Nikamimina yangu kwenye kisosi, nikakiweka pembeni mwa ukuta, pale ambapo sisimizi wana njia yao ya kila siku. Nikavuta kigoda nikakaa. Nilishapanga mpaka maneno ya kumwambia: fungasha virago, urudi kwenye kaunta yako ukaue waume za wenzio.

Sisimizi wakaja. Wa mbele akafika kwenye kisosi, akapapasa ukingo, akaondoka. Wa pili naye vivyo hivyo. Nikakisogeza kisosi katikati ya njia yao kabisa. Wakakizunguka kama jiwe, wakaendelea na safari.

"Wifi!" nikaita. "Hebu njoo." Nikaona aibu imenijaa mpaka masikioni, lakini aibu haikunizuia kuangalia. Wale wadudu walikuwa wanakwenda mahali. Mstari ulifuata ukuta, ukapita chini ya kiti cha Honi, ukapanda kwenye raba yake ya kulia, ukaingia ndani.

Wifi alikuja anajifuta mikono. Akaangalia kisosi, akaniangalia mimi, akaelewa yote. Halafu akauona mstari.

"Honi," akasema taratibu, "mguu wako vipi?"

"Uko shwari." Alikuwa anakunywa, amejiegemeza, raha mustarehe. "Leo haunisumbui hata kidogo."

Sisimizi walikuwa wanaingia na kutoka kwenye kile kiatu kama watu sokoni.

Wifi akapiga magoti akakivua. Honi akashtuka, akajaribu kuurudisha mguu. "Acha! Hicho navua mwenyewe!" Tulichelewa kuelewa, lakini tukaelewa. Ndani kulikuwa na peremende, zile ngumu za madereva, wanazomung'unya barabarani ili wasisinzie. Zilikuwa zimemenywa maganda. Moja ilikuwa imeyeyuka, imeshikana na bandeji pale pale penye kidonda, na nyingine imejikita humo kama kokoto. Sisimizi wamejaa.

"Kila jioni nakuta bandeji inanata," wifi akasema. "Kila jioni. Nikadhani ni usaha."

"Nilimenya maganda yasipige kelele," Honi akasema. Hakuwa na honi tena. "Dada, ni tamaa tu. Barabara yote ile miaka yote ile, mdomo umezoea."

"Na mkeo?" Nilikuwa nafoka, nalia, sijui kipi kilitangulia. "Nimemtukana mtaa mzima! Ukanyamaza!"

"Ningesemaje?"

"Na kokoto mguuni, huumii?"

"Zingekuwa zinaniumiza ningezitoa, dada. Mimi si mwendawazimu. Mguu wangu naujua mwenyewe. Hazinigusi pale."

Wifi akafungua bandeji, akapangusa sisimizi mmoja mmoja kwa kitambaa. Kisha akachukua glasi ya Honi, akatoa kipande cha barafu. Mimi nikamtazama, sikujua anataka nini.

"Fumba macho," akamwambia mumewe. "Nikikugusa na barafu, useme."

Honi akafumba, anatabasamu kama mtoto anayetaka kusamehewa. Wifi akaibandika ile barafu kwenye unyayo, kando ya kidonda, akaishikilia. Maji yakaanza kuchuruzika kwenye kisigino, yakadondoka sakafuni. Nikamshika wifi bega, na yeye akaegemeza kichwa kwenye mkono wangu, bila kuitoa barafu, mpaka ikabaki ndogo kama punje ya hindi, mpaka vidole vyake vikabaki vitupu.

"Haya, wekeni basi," Honi akasema, macho bado amefumba. "Mnangoja nini?"