Kicheko cha Meza ya Dirishani

Saa kumi na moja kasoro robo jioni, kabla wateja hawajaanza kuingia, Kengele alikuwa akimpaka samaki mafuta ya kupikia kwa brashi ndogo. Samaki huyo alikuwa na siku tatu mezani. Hakuwa wa kuliwa, alikuwa wa kung'aa. Kengele naye hakuwa mteja, alikuwa wa kucheka.

Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya katika mkahawa ule mkubwa wa viti vya mahameli na taa zinazobadilika rangi. Alikalishwa meza ya dirishani, kwenye kioo kinachotazama barabara, ili wapita njia wamwone na waambiane: humo ndani kuna raha, na sisi twendeni. Mbele yake aliketi kinyozi, ambaye mchana alinyoa watu na jioni alivaa koti la kuazimwa, akichezesha midomo kama anayesimulia kisa. Sauti hakutoa. Hakulipwa kwa sauti.

Meneja akishika tai, Kengele alitoa kicheko cha kukaribisha, kidogo, cha meno ya mbele. Akivua miwani, alitoa cha katikati. Akipiga kofi moja, hapo ndipo Kengele alipotupa kichwa nyuma, akashika ukingo wa meza, akaangua kile kicheko kilichompa jina tangu utotoni. Kilipanda, kikashuka, kikapanda tena, kikamalizia kwa kwikwi tatu. Waliokuwa wakipita na safari zao walijikuta wamekwisha kupanga foleni.

Wateja wenyewe hawakuwa na nafasi ya kucheka. Walikuwa na shughuli. Chakula kilipigwa picha mpaka kikapoa, kisha wao wakapigwa picha na chakula kilichopoa, kisha kila mmoja akainamia simu yake kutazama jinsi alivyofurahi.

Nyumbani Kengele aliishi na mama yake, ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili mwaka wa sita sasa. Mama hakulalamika. Nyumba aliijua kwa vidole, soko kwa pua, na mwanawe kwa kicheko. Kengele akibisha, mama aliuliza toka ndani, "Nani huyo?" na Kengele hakutaja jina, alicheka, komeo likafunguliwa. Utaratibu huo waliuanza baada ya mtu mmoja kuiga sauti ya Kengele, akafunguliwa mlango na kuondoka na redio.

Basi majira ya baridi yakaingia, na Kengele akashikwa na mafua yaliyoshuka mpaka kifuani. Pale mkahawani, aliyekosa siku moja aliambiwa asijisumbue na ya pili. Kengele akiwa chini ya blanketi, kifua kikikoroma kama birika, akakiambia kicheko chake, "Nenda wewe basi, mimi siwezi. Ukimaliza urudi moja kwa moja."

Kicheko kikamtoka taratibu, kikapita juu ya bati la choo cha jirani, kikashika njia. Kilifika kazini dakika tano kabla ya wakati, jambo ambalo Kengele hakuwahi kulifanya.

Siku hiyo hakikurudi. Kesho yake pia. Muda wote huo mama hakuuliza lolote, kwa sababu aliyemo ndani habishi. Siku ya tatu Kengele alipata nafuu, akatoka kununua mkate, akarudi, akabisha.

"Nani huyo?"

Alifungua mdomo, kikatoka kikohozi. "Ni mimi, mama."

"Mimi nani? Kila anayebisha ni mimi."

"Mwanao. Kengele."

"Sauti nasikia ni yake. Haya, cheka."

Alijaribu. Ilisikika kama mtu anayeburuta kiti sakafuni.

"Pole, dada," ilijibu sauti ya ndani, kwa upole ule wa kumwambia mgeni. "Mwanangu bado hajarudi kutoka kazini. Kama huo ni mkate ninaosikia harufu yake, uweke dirishani. Mungu akulipe, jirani mwema."

Kengele aliweka mkate, akaenda kuomba mahali pa kulala nyumba ya pili. Baada ya wiki mama alimruhusu aingie kufua na kupika, maana jirani huyo alijua vyombo viliko bila kuelekezwa. Lakini jua likianza kuzama, alimsindikiza hadi mlangoni na kumshukuru.

Ndipo Kengele akaenda mkahawani kudai chake. Kiti chake kilikuwa kitupu, na juu ya kiti, kimo cha mdomo wa mtu aliyeketi, kicheko kilikuwa kinafanya kazi. Foleni ilifika kona ya barabara.

"Dada, usichukie," kinyozi alimnong'oneza, "lakini kinakushinda. Jana nilisahau kuchezesha midomo, chenyewe kikacheka."

Meneja alimpokea ofisini kwa heshima zote, akampa maji.

"Sijakufukuza, dada. Ila kiti chako kina mfanyakazi."

"Mfanyakazi gani? Kile ni kicheko changu."

"Kilikuja chenyewe, sikukiita. Nikakisomea mkataba wote, mpaka maandishi madogo ya chini. Kikacheka. Nikajua kimekubali."

"Kile hucheka kila kitu!"

"Ndiyo maana tunakipenda. Hakili, hakiendi msalani, hakiombi ruhusa ya msiba. Na hakiugui. Wewe uliugua."

"Bila kicheko hicho mama yangu hanijui, bosi. Nalala kwa watu."

Meneja alisikitika kwa muda unaotosha. "Mlete basi akisikilize. Njooni Jumanne, siku hiyo hakuna watu wengi. Ila ndala haziruhusiwi humu."

Kengele alikuwa na mpango wake. Alijisemea kwamba kicheko kikimwona mama kitaingiwa na imani, na watarudi nyumbani wote watatu. Jumanne akamvisha mama viatu vya kuazima, akamshika mkono, akamwambia, "Nakupeleka kwa mwanao."

Hawajafika hata mlangoni, mama akasimama. "Ndiye huyo! Namsikia!" Akauachia mkono wa Kengele, akapita katikati ya meza bila kugusa kiti hata kimoja, akafika dirishani, akanyoosha mikono juu ya kiti kitupu. Akapapasa hewa huku na huku.

"Mwanangu, umekonda!" alisema. "Wanakulisha kweli hapa?"

Kicheko kikaangua kile cha kutupa kichwa nyuma, kikamaliza na kwikwi zake tatu. Mama akalia machozi. Simu zote mkahawani zikainuliwa. Wateja wawili nao walilia, kwa uangalifu, wasiharibu wanja. Mteja wa tatu aliomba mama arudie kulia, kwani wakati ule taa ilikuwa ya kijani.

Katika zogo hilo Kengele akainama karibu na kiti. "Twende nyumbani," akakinong'oneza. "Umemwona mwenyewe alivyo. Nirudie, twende zetu."

Kicheko kikamjibu kwa kile cha kukaribisha, kidogo, cha meno ya mbele, kile wanachopewa wateja.

Kengele akajua yamekwisha.

Meneja, aliyekuwa akitazama foleni inavyorefuka kwa siku ya Jumanne, akaja kumwamkia mama na kumbusu mkono. Akamwomba awe anakuja kila Ijumaa saa kumi na mbili, akae na mwanawe, azungumze naye kama walivyozungumza leo, na akijisikia kulia asijizuie. Mama akasema hilo halina haja ya kuombwa, mzazi ataalikwaje kwa mwanawe? Kinyozi akaambiwa arudishe koti.

Tangu hapo kila Ijumaa Kengele humleta mama, humkabidhi kwa mhudumu, kisha huzunguka kwenda kungoja mlango wa nyuma kwenye mitungi ya gesi, kwa sababu meza ina viti viwili tu. Kutoka pale husikia vizuri. Mama husimulia habari za mtaani, bei ya vitunguu, goti lake, na kuhusu jirani fulani mpole anayemsaidia. Kicheko hucheka.

Ijumaa iliyopita walirudi polepole, mama ameegemea bega lake.

"Mwanangu kapata kazi nzuri," mama alisema. "Raha tupu, kutwa kucha anacheka. Kasoro yake moja tu, kwake hakanyagi."

"Ndiyo, mama."

"Watoto wa siku hizi, jirani. Mji ukishawapokea, basi tena." Walikuwa wamefika mlangoni. Mama alipapasa kitasa, akaingia, kisha akageuka. "Na wewe, una mama?"

"Ninaye."

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Sasa unashindaje na mama za watu wakati wako yupo? Nenda kwake. Giza linaingia, atakuwa anakusubiri."

Akafunga mlango, akatia komeo.